Sura ya Sita: Wageni Watakuja Lini?

Jumatatu ya Julai 6, 2020, Rais Uhuru Kenyatta alilihutubia taifa na kutaja tarehe tatu. Saa kumi alfajiri ya siku iliyofuata, marufuku ya kuingia na kutoka Nairobi, Mombasa na Mandera ingeondolewa. Julai 15, ndege za ndani zingeruka tena. Agosti 1, anga ya Kenya ingefunguliwa kwa abiria kutoka nje. Siku ya hotuba hiyo Wizara ya Afya ilikuwa imehesabu wagonjwa wa corona 8,000 na kidogo tangu kisa cha kwanza kutangazwa Machi 13. Agosti ilipoingia hesabu ilikuwa imepita 20,000. Kenya iliwafungulia wageni wakati ugonjwa unapanda, na msomaji asiposhika jambo hilo hataelewa hofu iliyokuwapo, wala ujasiri uliokuwapo.

Masimulizi mengi ya kipindi kile huanzia Nairobi, kwenye vyumba vya mikutano, au Diani, kwenye ufuo uliobaki na kaa peke yao. Mimi naanzia Voi, mji wa kaunti ya Taita Taveta. Taita Taveta ina eneo la kilomita za mraba 17,000 hivi, na takribani asilimia 62 ya ardhi hiyo imo ndani ya mbuga mbili za Tsavo, Mashariki na Magharibi, zilizotangazwa mwaka wa 1948. Ukiondoa mbuga na ranchi, ardhi nzuri ya kulima inayobaki ni kipande chembamba: milima ya Taita yenyewe, na bonde la Taveta lenye ndizi. Hakuna kaunti nyingi Kenya zilizowaachia wanyama sehemu kubwa kiasi hicho ya ardhi yao. Watu 340,671 waliohesabiwa huko katika sensa ya 2019 wanaishi kwenye masalio, na ndovu hawajui mpaka umepita wapi. Shamba la mahindi la Mwatate au Kishushe linaweza kuliwa usiku mmoja. Mgeni wa ng'ambo, kwa watu hawa, ndiye sababu wanayopewa kila wanapouliza kwa nini wavumilie.

Basi na tuone mgeni huyo anafikaje Voi. Wengi hawatoki Nairobi. Wanatua Moi International Airport, Mombasa, kwa ndege za kukodi kutoka Ulaya, wanapelekwa hotelini Diani, Watamu au Malindi, na wakishachoka na jua la baharini wanauziwa safari ya siku mbili au tatu. Van yenye paa la kuinuka inapanda nao hadi geti la Bachuma, Sala au Voi. Wanaona ndovu wekundu kwa udongo wa Tsavo, wanalala lodge usiku mmoja au miwili, wanarudi baharini. Pwani ni sebule, Voi ni chumba cha ndani. Mgeni haingii chumbani kabla ya kupita sebuleni kwa watu.

Katika siku hizo mbili mnyororo mrefu wa watu hupata riziki. Dereva, mpishi, mfua mashuka, askari wa geti, fundi wa gari pale Voi, muuza vinyago kando ya barabara ya Mombasa. Mwenye mayai. Mkulima wa kabeji na nyanya wa Wundanyi, Werugha au Mgange, ambaye pengine hajawahi kuongea na mtalii hata mmoja, lakini mboga yake inaliwa hotelini. Ndege moja isipotua Mombasa, watu hawa wote huhisi, na hakuna hata mmoja wao anayeulizwa kama itue.

Voi ilikuwa imeshazoea kungoja. Hoteli ya Kikambala iliposhambuliwa Novemba 2002, wageni walipotea. Vurugu za baada ya uchaguzi wa 2007 ziliwafukuza tena. Mwaka wa 2014 nchi za Magharibi zilipotoa tahadhari za usafiri kwa ajili ya mashambulizi, hoteli za pwani zilifungwa moja baada ya nyingine. Kila mara kulikuwa na njia moja ya kutoka: kumshawishi mgeni kwamba hapa ni salama. Alikuwa akituogopa, nasi tulikuwa tukimtaka. Mwaka wa 2020 hofu ilikwenda pande zote mbili. Mama wa Voi anayepangisha vyumba vya gesti alimhitaji mgeni ili alipe karo ya watoto, na papo hapo alijua kwamba mgeni huyohuyo, anayetabasamu, mwenye afya machoni, anaweza kumwachia ugonjwa utakaomfika nyanya ya hao watoto kule mlimani. Hakuna bango la matangazo linaloweza kutatua jambo kama hilo.

Kufunga kwenyewe kulikuja kwa hatua za haraka. Machi 25 ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Machi 27 kafyu ilianza, saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Mapema Aprili Nairobi ilizingirwa, kisha Mombasa, Kwale na Kilifi. Madaraka Express, treni iliyokuwa ikishusha abiria Voi na Miasenyi tangu 2017, ikasimama. Taita Taveta haikuwekewa kizuizi chake yenyewe. Mtu angeweza kusema ilibaki huru. Lakini uhuru huo ulikuwa wa kwenda wapi? Upande wa chini, Mombasa na jirani zake zimefungwa. Upande wa juu, Nairobi imefungwa. Upande wa magharibi, kuanzia Mei 16, mpaka wa Tanzania ukafungwa kwa watu wote isipokuwa madereva wa mizigo wenye cheti cha kupimwa. Kaunti nzima ilibaki katikati ya barabara isiyopitwa na abiria.

Malori ndiyo hayakukoma. Barabara ya Mombasa hadi Nairobi inapita Maungu na Voi, na pale ndipo madereva hulala, hula na kuoga. Bandari haikufungwa, kwa hiyo barabara haikufungwa, na nchi haikuwa na hiari katika hilo: Uganda, Rwanda na Kongo ya mashariki hula na kuendesha magari kwa kile kinachopita Voi. Nalitaja jambo hili kwa sababu mjadala wa kuwafungulia watalii ulizungumzwa kana kwamba kulikuwa na ukuta, na swali ni kama tuubomoe. Voi haikuwa na ukuta. Ilikuwa na hatari ya wasafiri bila mapato ya wasafiri, na yeyote aliyekuwa akipima faida na hasara kwa niaba ya mji ule alipaswa kuanza hesabu yake hapo.

Hesabu za serikali nazo zilikuwa na kasoro ambayo haikuwa siri. Kilichohesabiwa ni waliopimwa, na waliopimwa walikuwa wachache. Watafiti wa KEMRI, taasisi ya utafiti wa tiba ya Kenya, na washirika wao wa Kilifi walichunguza damu ya wachangiaji iliyokusanywa kati ya mwisho wa Aprili na katikati ya Juni, na matokeo yao, yaliyochapishwa baadaye mwaka huohuo, yalionyesha kwamba watu 4 hadi 5 hivi katika kila 100 walikuwa wameshapata virusi. Mombasa walikaribia 8. Mwisho wa Mei orodha rasmi ya nchi nzima ilikuwa na wagonjwa 2,000 hivi. Ina maana kwamba wakati mabishano ya kumzuia mgeni asilete ugonjwa yamepamba moto, ugonjwa ulikuwa umeshakaa Mombasa, mwendo wa saa chache kutoka Voi, kwa kiwango ambacho hakuna aliyekitangaza. Ungeweza kuitumia habari hiyo kudai tufungue, kwa kuwa hakuna tena cha kulinda. Ungeweza pia kuitumia kudai tusubiri, kwa kuwa hatujui tunalofanya. Zote mbili zilikuwa hoja za watu wenye akili timamu.

Hofu ya hospitali ilikuwa ya haki. Juni, Rais alizitaka kaunti zote ziwe na vitanda vya kuwatenga wagonjwa visivyopungua 300 kila moja kabla nchi haijafunguliwa zaidi. Kwa kaunti kubwa yenye miji mikubwa, vitanda 300 ni kazi ngumu. Kwa Taita Taveta, inayotegemea Hospitali ya Rufaa ya Moi pale Voi pamoja na hospitali ndogo za Wundanyi, Mwatate na Taveta, ni mlima wenyewe. Tena kitanda si tiba. Mgonjwa wa corona aliyezidiwa alihitaji oksijeni na muuguzi wa kukaa naye usiku kucha, na hivyo haviletwi na seremala. Lodge zimetawanyika mbugani, nyingine ni mwendo wa saa nzima au zaidi wa vumbi hadi Voi. Mtalii mzee akizidiwa angekuwa na bima na ndege ndogo ya kumkimbiza Nairobi. Mhudumu aliyempelekea chai angepanda bodaboda.

Ikaja wiki ya mwisho ya Julai, na katika wiki hiyo utaona jinsi serikali yenyewe ilivyovutwa huku na huku. Jumatatu ya Julai 27, Rais aliwabana wananchi: kafyu iliongezwa siku 30, baa zikafungwa hadi taarifa nyingine, mikahawa ikakatazwa kuuza pombe na kuamriwa kufunga saa moja jioni. Jumamosi ya wiki ileile wageni wa kimataifa waliruhusiwa kuingia. Mkenya anaambiwa akae nyumbani, Mjerumani anaambiwa karibu. Sisemi kwamba amri hizo zilipingana kabisa. Mgeni wa kwenda mbugani akiwa na cheti cha kipimo kilichofanywa ndani ya saa 96 kabla ya safari hafanani na umati wa baa usiku wa manane, na Waziri wa Utalii Najib Balala alikuwa amepigania kanuni za usafi zilizoipatia Kenya muhuri wa Baraza la Dunia la Usafiri na Utalii. Lakini mtu wa kawaida alisikia amri mbili ndani ya siku tano, na hakuna aliyekaa naye akamweleza zinaungana wapi.

Kisha orodha. Nchi za kwanza kutajwa kwamba raia wake wangeingia bila karantini zilikuwa 11, miongoni mwake China, Japan, Ethiopia, Uswisi, Rwanda na Uganda. Kwa Nairobi orodha hiyo ilikuwa na mantiki. Kwa Voi ilikuwa kama haipo, kwa sababu Uingereza, Ujerumani na Italia, zinazojaza hoteli za pwani, hazikuwamo. Muda mfupi baadaye orodha ikarefushwa na nchi hizo zikaingia. Tanzania haikuingizwa, na jibu lake lilikuwa kuipiga marufuku Kenya Airways.

Hapo ndipo Taveta inapoingia katika habari hii kwa uchungu wake wa pekee. Tanzania ilikuwa imeacha kutoa takwimu za wagonjwa mapema Mei na kufungua anga yake Mei 18, bila kumwekea karantini mgeni asiye na dalili. Kenya ilikuwa bado imefunga. Sokoni Taveta, ambako watu wa Holili, upande wa Tanzania, na wa upande huu wananunuliana maharage, vitunguu na nguo tangu kabla ya mpaka kuchorwa, serikali mbili zilikuwa na majibu mawili kwa ugonjwa mmoja. Kilimanjaro unauona kwa macho ukiwa Taveta. Watalii waliokuwa wakiupanda kutoka upande wa pili walikuwa wameruhusiwa kuingia zaidi ya miezi miwili kabla ya wetu. Wapo waliosema hapo ndipo Kenya ilipopoteza. Mimi naona kinyume. Nchi inayoficha hesabu humfungulia mgeni haraka, lakini pia humnyima mfanyakazi wa hoteli habari pekee inayoweza kumlinda. Agosti ya Kenya, pamoja na makosa yake yote, ilitanguliwa na takwimu zilizosomwa hadharani kila alasiri, na dereva wa van alijua anaingia katika nini.

Agosti 1 ilifika, anga ikafunguliwa, na Voi haikuona kitu. Ndege za abiria zilianza kutua Nairobi zikiwa na watu wanaorudi nyumbani, wafanyabiashara na watalii wachache wenye roho ngumu. Ndege za kukodi za likizo, zile za Mombasa, hazikurudi kwa maana ya kujaza hoteli. Sababu haikuwa Kenya. Umoja wa Ulaya ulipotoa Julai orodha yake ya nchi za nje zinazokubalika, Rwanda ilikuwamo, Kenya haikuwamo. Mwingereza aliyetoka Kenya alitakiwa kujitenga siku 14 akirudi kwao. Nani atatumia likizo ya wiki mbili kuja Tsavo kisha wiki mbili nyingine amefungiwa chumbani? Miezi yote ya kubishana kama Kenya ifungue ilikuwa imesahau kwamba kufungua kunahitaji pande mbili, na upande wa pili hauko Nairobi.

Waliookoa kilichookolewa ni Wakenya wenyewe. Madaraka Express ilirudi Julai 13, abiria wakikaa kwa nafasi. Shirika la wanyamapori, KWS, lilishusha viingilio vya mbuga kwa mwaka mmoja kuanzia Julai 1. Lodge zilizozoea kuuza vitanda kwa dola zikaanza kutangaza bei kwa shilingi, na familia zilizokuwa zimeishia kuona Tsavo kupitia dirisha la basi la Mombasa zikageuza gari zikaingia getini. Ni jambo jema, na lingefaa kufanyika miaka 30 kabla. Hata hivyo halikutosha. Wageni wa kimataifa walioingia Kenya mwaka wa 2019 walikuwa milioni 2 hivi. Mwaka wa 2020 hawakufika 600,000, na wengi wao waliingia kabla ya Machi kuisha. Mgeni wa wikendi kutoka Nairobi hulala Ijumaa na Jumamosi. Jumatatu hadi Alhamisi mpishi bado yuko nyumbani bila mshahara.

Na hata huyo wa ndani hakuwa wa uhakika. Mapema Novemba 2020 Rais alitangaza kwamba waliopatikana na virusi kati ya waliopimwa walikuwa wamepanda hadi asilimia 16, kutoka 4 za mwezi uliotangulia. Machi 26, 2021, siku chache kabla ya Pasaka, Nairobi na kaunti nne jirani zilifungwa tena, na ndege za ndani nazo zikazuiwa kuingia na kutoka humo. Pasaka ni msimu wa mavuno kwa Voi na kwa pwani nzima. Vyakula vilikuwa vimeshanunuliwa, vibarua wameshaitwa. Aprili 9 Uingereza ikaiweka Kenya kwenye orodha yake nyekundu, na haikuitoa hadi Septemba 22. Kafyu yenyewe iliondolewa Oktoba 20, siku ya Mashujaa. Kwa hiyo tarehe ya Agosti 1, 2020, iliyongojewa kwa hamu kubwa hivyo, ilikuwa mwanzo tu wa miezi 14 ya kufungua na kufunga.

Katika maamuzi yote ya mwaka ule, moja lilielewa hali ya Taita Taveta kuliko mengine, na halikuhusu ndege. Mei 23, 2020, serikali ilipotangaza mpango wa kufufua uchumi wa shilingi bilioni 53.7, ilitenga bilioni moja ya kuajiri walinzi 5,500 wa wanyamapori kutoka jamii, na bilioni nyingine ya kusaidia hifadhi 160 za jamii. Hifadhi kama LUMO, iliyoundwa na wenye ranchi za Lualenyi, Mramba na Oza, zinaishi kwa ada ya mgeni anayelala. Mgeni asipolala, mlinzi halipwi. Mlinzi asipolipwa, mitego ya nyaya huongezeka, na digidigi anaishia sufuriani mwa mtu mwenye njaa ambaye jana alikuwa mhudumu wa lodge. Kumlipa mlinzi bila kungoja mtalii kulikuwa kukiri kwamba ardhi ile ina kazi hata ikiwa haina mtazamaji. Karibu na hifadhi hizo, upande wa Kasigau, ranchi zinazouza hewa ya ukaa zilikuwa zimeshaanza kupata fedha zisizotegemea ndege kutua. Mradi huo una mabishano yake, na watu wa huko wana haki ya kudai hesabu zake. Ila wazo la kipato ambacho hakikatiki anga ikifungwa lilithibitika mwaka ule.

Je, ilikuwa sawa kufungua Agosti 1? Naamini ilikuwa sawa. Njaa nayo huua, na kufunga kusikokuwa na mwisho kungewavunja watu wa Tsavo bila kuvizuia virusi vilivyokuwa vikisafiri kwa lori. Kosa lilikuwa kutangaza tarehe peke yake. Tarehe huwapa watu tumaini na kuwaachia kungoja. Kama Julai 6 kungetangazwa masharti pamoja na tarehe, kwamba tutafungua kaunti hii oksijeni ikifika kiasi fulani Voi, wahudumu wa lodge wakiwa wamepimwa, na tutafunga idadi ya maambukizi ikipita kiwango fulani, basi mwenye gesti angejua afuatilie nini, mkulima wa Werugha angejua apande kabeji ngapi, na Pasaka ya 2021 isingewaangukia watu kama jabali.

Janga jingine litakuja, na kamati ya kuamua lini nchi ifungwe na lini ifunguliwe itaketi tena Nairobi. Kaunti iliyotoa asilimia 62 ya ardhi yake kwa wanyama wanaowaleta wageni hao inastahili kiti katika kamati hiyo, na inastahili pia fungu la mapato ya Tsavo liwekwe akiba katika miaka mizuri ili lilipe walinzi na wahudumu katika miaka mibaya. Wabunge na wawakilishi wa wadi wa Taita Taveta wamedai mgao wa mapato ya mbuga hizo kwa miaka mingi. Safari hii wadai wakiwa na mwaka wa 2020 mkononi, na wapigakura wao wawaulize, mkutano baada ya mkutano, wamefikia wapi.